Lijue Jambia Lako Kabla Hujampa Fundi

Nyumba nyingi za zamani za Pangani, na hata ukivuka kivuko kwenda Bweni ukashika njia ya Mwera, hazikosi jambia sandukuni. Limeviringishwa kanga kuukuu, limelazwa chini ya hati za shamba, na hutolewa mara moja kwa miaka kadhaa: kijana wa ukoo anaoa, au mzee amefariki na warithi wamekaa kugawana. Hapo ndipo mambo huharibika. Anayetakiwa kulieleza hana maneno zaidi ya "kisu cha babu". Fundi hupewa bila masharti. Mnunuzi aliyetoka mjini, ambaye jina la kila kipande analo kichwani, hupanga bei peke yake.

Makala hii nimemwandikia mwenye sanduku. Sitaki kukufanya mtaalamu wa silaha za kale; nataka siku ukilitoa jambia mkononi mwako uweze kusema limeundwa na nini, kipande kwa kipande, ili likirudi ujue kama ni lile lile.

Tuanze na kuondoa mchanganyiko. Si kila kisu cha kale ni jambia. Kile kilichonyooka, kipana kuelekea nchani kuliko mpinini, kilichotiwa katika ala ya ngozi iliyopakwa rangi nyekundu, ni sime. Wamaasai wanaoshuka na ng'ombe kutoka Handeni wanazo mpaka leo na wanazitumia kila siku. Upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili, unaobebwa na Waarabu kwenye sherehe na kutikiswa katika ngoma ya razha, ni upanga wa felegi. Uliopinda ni kitara. Jambia ni fupi, bapa lake limepinda, lina makali pande zote mbili, na huvaliwa mbele ya tumbo badala ya ubavuni. Hilo la kuvaliwa mbele ndilo lililoliumba namna lilivyo, kwa maana kila mtu atakayesalimiana na mvaaji ataliona, na ndiyo sababu fedha nyingi imewekwa upande wa mbele na nyuma pameachwa ngozi tupu.

Sasa lilaze juu ya kitambaa cheupe, mpini ukuelekee wewe.

Mpini ndio ghali kuliko vyote, na ndio unaobadilishwa kuliko vyote. Unaweza kuwa wa mti, wa pembe ya nyati au ng'ombe, wa pembe ya ndovu, wa kipusa, yaani pembe ya faru, na siku hizi wa plastiki. Angalia umbo lake: kichwa kipana, kiuno chembamba pa kushika, kisha unapanuka tena unapokutana na bapa. Juu yake huenda pakawa na bamba la fedha, au nyuzi za fedha zilizosukwa, au njumu, yaani vijimisumari vya fedha vilivyopigwa kwa mpangilio wa maua au nyota. Zihesabu njumu. Nasema kweli, zihesabu na uandike, hata zilizong'oka, maana tundu lililobaki nalo ni ushahidi. Mpini ulioletwa juzi hauna matundu matupu.

Chini ya mpini, pale bapa linapoingia, kuna pete au kikuku cha chuma au fedha kinachoubana mpini usipasuke. Hicho ni noleo. Watu wengi leo wakisikia noleo hufikiria jiwe la kunolea, na hiyo nayo ni sahihi, lakini kwenye kisu noleo ni hicho kikuku. Kikilegea, jambia zima hucheza mkononi, na fundi asiye mwangalifu hulitatua kwa kupiga ribiti mpya mpinini. Usikubali. Ndani ya mpini kuna msuka, yaani ule mkia mwembamba wa chuma unaotoka kwenye bapa, na katika majambia mengi ya Kiarabu msuka hushikizwa kwa utomvu mgumu unaofanana na lakiri. Utomvu huo ukipata moto hulainika. Kwa hiyo kilicholegea hukazwa tena kwa kupashwa kidogo na kutiwa utomvu mwingine, bila kutoboa chochote. Na kwa sababu hiyo hiyo jambia halioshwi kwa maji ya moto, wala haliachwi kwenye kioo cha mbele cha gari linaloegeshwa juani.

Bapa ni ule uso wa chuma. Katikati yake jambia zuri huwa na mwinuko unaokwenda kutoka kwenye noleo hadi karibu na ncha, na mwinuko huo ndio unaolipa nguvu bila kulifanya zito. Pitisha ukucha taratibu: kwenye bapa lililofuliwa kwa nyundo mwinuko haulingani kabisa pande zote mbili, kwa kuwa mkono wa mtu uliufuata. Bapa lililokatwa kwenye bati kiwandani ni tambarare, au limepigwa mstari mmoja ulionyooka kupita kiasi. Majambia mengi ya kukodi kwa ajili ya harusi yako hivyo, na mimi sioni aibu yoyote hapo. Kosa ni kuuziwa moja la namna hiyo kwa bei ya lingine.

Ala ndiyo inayodanganya macho. Ukiliona jambia la Kiomani limevaliwa, ala imekunjwa karibu kama kiwiko cha mkono, na mtu hudhani chuma kilichomo kimekunjwa vilevile. Lichomoe utaona bapa limepinda kidogo tu. Linaishia mahali pa mkunjo au mbele yake kidogo, na kile kipande cha mwisho cha ala hakina kitu ndani. Ni mti uliovikwa ngozi au fedha kwa ajili ya sura. Nimewahi kuona, hukohuko Mwera, ala iliyopasuliwa na mtu aliyekuwa akitafuta "ncha iliyovunjikia ndani". Hapakuwa na ncha yoyote ndani, na bapa lilikuwa zima tangu mwanzo.

Sehemu ya juu ya ala, iliyo pana, Waomani huiita sadr, yaani kifua. Hapo ndipo sonara huonyesha ufundi wake: bamba la fedha lililochorwa nakshi kwa patasi ndogo, au nyuzi nyembamba za fedha zilizopindwa na kuchomelewa. Chini ya kifua zimepangwa pete. Jambia la kawaida la Kiomani lina pete nne, na baadhi ya hizo ndizo zinazoshikana na mshipi; lile linaloitwa Saidi, lililonasibishwa na ukoo wa Al Said uliotawala Muscat na Unguja, huwa na pete saba. Baada ya pete unakuja mwili wa ala uliofumwa nyuzi za fedha juu ya ngozi au kitambaa, na mwisho kabisa kofia ndogo ya fedha inayoifunika ncha. Hiyo kofia ndiyo ya kwanza kupotea, kwa sababu inagongwa kila mvaaji akikaa kwenye kiti.

Geuza nyuma. Kama una bahati utakuta kijifuko cha ngozi na ndani yake kisu kidogo kilichonyooka, mpini wake umezungushiwa waya wa fedha. Hicho ndicho kisu cha kazi, cha kukatia tende, kamba na nyama, ili jambia lenyewe lisitolewe ovyo. Majambia mengi ya pwani yetu yamebaki na kijifuko bila kisu. Ukikikuta kisu hicho kiko peke yake kwenye droo ya jikoni, kirudishe mahali pake kabla hakijaisha kwa kumenyea mihogo.

Kuhusu asili: usikimbilie kusema "la Sultani". Sayyid Said bin Sultan alifariki 1856, na kama kila jambia linalodaiwa kuwa lake lingekuwa lake, asingepata nafasi ya kuvaa kanzu. Jambia la Saidi linatambulika kwa mpini wake ambao kichwa chake kina umbo la msalaba lililofunikwa fedha yote, tofauti na majambia mengine ya Oman ambayo kichwa cha mpini ni tambarare na pembe au mti huonekana. Wenyewe husimulia kwamba umbo hilo lilibuniwa na Shahrazad, mke wa Sayyid Said aliyetoka Uajemi. Majambia ya Yemen na Hadhramaut ni ndugu, lakini ala zake hukunja zaidi mpaka ncha inaelekea juu, na mpini mara nyingi huwa na vijisahani viwili vya mviringo mbele, kimoja juu na kimoja chini. Pangani ilikuwa bandari ya misafara na ya mashamba ya miwa, ikapokea Waomani na Washihiri wa Hadhramaut kwa pamoja, kwa hiyo yote mawili utayakuta, na mara nyingine mpini wa huku juu ya ala ya kule. Mchanganyiko huo si lazima uwe ulaghai. Vitu vilivyotumika hutengenezwa kwa kilichopo. Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na mafundi wa ngozi na wa visu, na Unguja palikuwa na masonara Wahindi na Waarabu. Jambia linaweza kuwa limezaliwa Nizwa, likavishwa ala mpya Unguja, kisha likafungwa mshipi wa ngozi huku kwetu.

Nimesikia pia kila jambia la Pangani likiitwa la Abushiri. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888 na akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Ana haki ya kukumbukwa. Lakini jina lake kwenye kisu lisilo na hati wala simulizi ya ukoo inayoeleweka ni njia tu ya kupandishia bei, na mnunuzi mwenye akili halilipii.

Upande wa pili wa Bahari ya Hindi, Wajava wana kisu chao cha heshima, keris, na namna wanavyokishughulikia inatufaa sana. Kila sehemu ina jina ambalo hata mtoto wa nyumba hujifunza: bapa ni wilah, msuka ni pesi, kikuku cha chini ya mpini ni mendak, ala ni warangka, na yale mawimbi ya bapa ni luk, ambayo siku zote huhesabiwa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili. Muhimu zaidi ni pamor, michoro inayotokea juu ya chuma kwa sababu mhunzi amefua pamoja vyuma vya aina mbalimbali, tabaka juu ya tabaka. Pamor haionekani mpaka bapa lisafishwe kwa maji ya ndimu na kupakwa dawa yenye zarniki, kazi ambayo ina mafundi wake na majira yake. Mtu akipitisha msasa juu ya keris ameifuta. UNESCO iliitambua keris ya Indonesia mwaka 2005, na ufundi wa jambia la Oman ukaingizwa katika orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2022. Kwetu hatuna pamor, lakini tuna msasa, na unatumika bila huruma. Yale mabaka meusi yaliyotulia juu ya chuma cha zamani hayali chuma. Kutu nyekundu inayovungika ndiyo mbaya. Iondoe hiyo kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani na subira, kisha uache rangi nyeusi ilipo. Na kwa kuwa nimeitaja ndimu, usiwaige Wajava kwa hilo: wao wanajua wanachotafuta chini ya kutu, na dawa yao ni sumu.

Nazi pia ipumzishwe. Wazee wengi hupaka mafuta ya nazi kwenye bapa kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo, lakini yakikaa huchacha, hunasa vumbi na kukidhuru chuma. Futa alama za vidole kila baada ya kulishika, jasho lina chumvi. Halafu, na hili wengi hushangaa wakiambiwa, usiliweke jambia ndani ya ala yake kwa miaka. Ngozi na mti hunyonya unyevu wa bahari, na msimu wa masika ala huwa chumba chenye maji kwa chuma kilichomo. Weka bapa peke yake kwenye kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta kidogo, ala peke yake kwenye kitambaa kikavu, na utupie sandukuni vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mara moja kwa miezi kadhaa fungua, chunguza kama mti wa ala unatoa unga. Unga ni wadudu.

Fedha ina habari yake. Mabibi na masonara wa pwani walikuwa wakiyeyusha reale, ile sarafu kubwa yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780 ambayo iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo muda mrefu baada ya mwenyewe kufa. Ina uzito wa gramu 28 na fedha yake halisi ni kama sehemu 833 katika 1,000. Kwa hiyo usitarajie jambia la kale liwe na fedha safi kabisa, na usimwamini anayesema si fedha kwa sababu haikufika kipimo cha leo. Sumaku hutosha kwa hatua ya kwanza: ikishika, chini kuna chuma. Ikiacha, bado yaweza kuwa shaba nyeupe, na hapo sonara anayeaminika apime kwa kipande kisichoonekana, huku wewe umesimama pale pale. Weusi wa fedha ufute kwa kitambaa laini tu. Majivu, mchanga na dawa ya meno vinakwangua nakshi, na nakshi iliyokwisha haichorwi tena na mkono ule ule. Kifua kilichobonyea nacho kiache kilivyo isipokuwa kinakata. Chini ya bamba jembamba kuna mti mkavu, na nyundo ikigonga vyote viwili hupasuka.

Kuna jambo la mpini nililiahirisha kwa sababu linahusu sheria. Kipusa. Yemen ndiko kulikokuwa na hamu kubwa ya mipini ya kipusa, na biashara hiyo ilichangia sana kuwamaliza faru weusi wa Afrika Mashariki miaka ya 1970 na 1980. Tangu 1977 biashara ya kimataifa ya kipusa imepigwa marufuku, na hapa Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kumiliki nyara bila kibali. Urithi wa babu haukuondoi kwenye sheria hiyo. Pembe ya nyati ni nyeusi, inang'aa, ina matabaka. Kipusa ukikimulika tochi kingo zake hupitisha mwanga wa rangi ya asali, na ukitazama kwa karibu unaona nyuzi nyembamba zilizobanana. Wako watakaokwambia uchome kwa sindano ya moto unuse. Plastiki itajulikana, ndiyo, lakini kipusa na pembe ya ng'ombe vyote hunuka nywele zilizoungua, kwa hiyo utakuwa umetoboa mpini bila kujifunza lililokupeleka. Ukiwa na shaka, iwe kipusa au pembe ya ndovu, usiuze, usisafirishe, usiweke picha mitandaoni; nenda kwa maofisa wanyamapori wa wilaya na maelezo yako mkononi kabla wao hawajaja kwako. Ushauri huu haupendwi. Naurudia kila ninapoulizwa.

Kusafirisha nje ya nchi nako kuna mlango wake. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mjomba wa Muscat anayetaka "kuliona tu" akumbushwe kwamba kibali huombwa kwanza. Kwenye ndege jambia huwekwa kwenye mzigo mkubwa unaokabidhiwa, halikai kwenye begi la mkononi. Barabarani lifunge ndani ya mfuko. Kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu ni kosa la jinai, na askari wa kituo cha mabasi hana wajibu wa kujua kuwa unatoka kwa sonara.

Kabla ya fundi, kabla ya mnunuzi, kabla ya kikao cha mirathi, andika. Maelezo mazuri hayazidi nusu ukurasa. Mfano wa jambia moja la ukoo nililoombwa kulitazama: "Mpini wa pembe nyeusi, umepasuka upande wa kulia kuanzia kiunoni kushuka, njumu za fedha safu tatu, mbili zimeng'oka safu ya chini. Noleo la fedha, limelegea. Bapa lina mwinuko katikati, kutu upande mmoja karibu na ncha. Ala ya mti na ngozi, kifua cha fedha chenye nakshi ya majani, pete nne, ya pili ni ya shaba na si ya asili. Kofia ya ncha haipo. Mshipi umebadilishwa." Pima urefu wa bapa na wa ala kila kimoja peke yake. Piga picha mbele, nyuma na kwenye kila pete, rula ikiwa pembeni. Fundi asaini nakala moja. Akikataa kusaini, umekwisha kumjua. Namfahamu mtu aliyepeleka jambia likakazwe noleo, akarudishiwa likiwa limekaza vizuri na mpini mpya wa plastiki nyeusi. Hakuwa na picha hata moja, na fundi alisema ulikuwa hivyo tangu mwanzo.

Warithi, msiligawe. Nimeona ukoo uliompa mmoja bapa na mwingine ala ili wote waridhike. Vipande viwili hivyo havikufika hata robo ya thamani ya jambia zima, na hakuna aliyeweza kulivaa. Afadhali mmoja alichukue kwa thamani iliyokadiriwa na kufidia wenzake, au libaki la ukoo na mwenye kulitunza ajulikane kwa maandishi.

Kwa bwana harusi anayekodi, mambo ni mepesi. Jambia hukaa juu ya kanzu, limefungwa kwa mshipi wake, na ukipenda mahazamu chini ya mshipi ili lisiteleze. Joho huja juu ya vyote likiwa wazi mbele. Mshipi ukazwe kabla ya kuvaa joho, si baadaye, la sivyo utasimamishwa mlangoni na wajomba wakikuvuta huku na huku. Jaribu kukaa nalo nyumbani, kwa maana ncha ya ala itakuchoma paja ukikaa vibaya, na siku ya nikaha utakaa sana. Usilichomoe kwa ajili ya picha. Wapiga picha hulipenda hilo, watoto hulipenda zaidi. Na mwenye duka anapokukabidhi, msimame wote wawili mhesabu pete, njumu na mfungo wa mshipi, mwandike kwenye risiti, ili Jumatatu asubuhi kusiwe na maneno ya pete ya tatu iliyopotelea kwenye ukumbi.